Idadi ya Waadivasi wa India ya kati ni idadi ya orodha

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie jinsi magazeti yetu ya Kiswahili yanavyoandika idadi ya makabila ya asili ya India ya kati: Wagondi, Wabhili, Wakorku, Wabaiga, Wakol, Waoraon na wenzao wanaojiita kwa jumla Waadivasi. Habari zao hutufikia kupitia mashirika ya habari, mara nyingi kukiwa na mapigano katika eneo la Bastar au mgogoro wa mgodi, na karibu kila mara hubandikwa takwimu moja katika aya ya pili, kisha mwandishi anaendelea na mengine. Takwimu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Wagondi peke yao ni zaidi ya milioni 13 na Wabhili ni kama milioni 17. Watu wa wingi huo wanastahili kuandikwa kwa nambari ambayo msomaji anajua imetoka wapi na inahesabu nini.

Mkenya akihesabiwa hutaja kabila lake mwenyewe na karani wa sensa huliandika. Tanzania sensa haiulizi kabila kabisa. India haifuati njia yoyote kati ya hizo mbili. Ibara ya 342 ya Katiba yake humpa Rais mamlaka ya kutangaza, kwa kila jimbo, ni jamii zipi zitakazohesabiwa kuwa Makabila Yaliyoorodheshwa, na baada ya hapo ni Bunge pekee linaloweza kuongeza jina au kulifuta. Amri ya kwanza ilitoka tarehe 6 Septemba 1950. Kwa hiyo tunaposoma kwamba mwaka 2011 India ilikuwa na watu 104,281,034 wa makabila, sawa na asilimia 8.6 ya wananchi wote, tunachosoma ni idadi ya watu ambao jina walilotaja lilikuwemo katika orodha ya jimbo walimokutwa na karani. Aliyekutwa upande wa pili wa mpaka hayumo, hata kama baba yake na kaka yake wamo.

Nianze na kosa jepesi kurekebisha, ambalo bado linachapishwa. Wahindi huhesabu kwa laki na kwa crore. Laki ni hii hii yetu ya 100,000, na crore moja ni milioni 10. Koma zao huwekwa baada ya tarakimu tatu za mwisho, kisha kila baada ya tarakimu mbili. Idadi ya Waadivasi wa jimbo la Madhya Pradesh katika taarifa za India huandikwa 1,53,16,784. Mwandishi anayenakili kwa haraka anaweza kudhani tarakimu moja imedondoka, au akasoma laki 153 kuwa watu 153,000. Idadi hiyo ni milioni 15.3. Dawa ni kufuta koma zote, kuhesabu tarakimu kutoka kulia, kisha kuweka koma zetu upya.

Kosa la pili ni la mipaka ya majimbo, nalo ni zito zaidi kwa sababu hutoa picha ya watu wanaokwisha. Sensa ya 1991 ilikuta Waadivasi 15,399,034 katika Madhya Pradesh. Ile ya 2001 ilikuta 12,233,474. Ukiziweka nambari hizo mbili pamoja bila maelezo, utasema watu milioni tatu wametoweka katika miaka 10. Ukweli ni kwamba tarehe 1 Novemba 2000 jimbo liligawanywa, na upande wa mashariki, pamoja na Bastar na Surguja zenye Waadivasi wengi, ukawa jimbo jipya la Chhattisgarh. Huko sensa ya 2001 ilikuta Waadivasi 6,616,596. Jumlisha majimbo yote mawili upate 18,850,070, ongezeko la asilimia 22 hivi juu ya 1991. Mwaka 2011 Madhya Pradesh ilikuwa na 15,316,784 na Chhattisgarh 7,822,902, jumla 23,139,686, ongezeko la karibu kiwango kilekile. Anayelinganisha Madhya Pradesh ya 1991 na ya 2011 ataona nambari karibu sawa na kuandika kwamba idadi imesimama miaka 20, wakati imepanda muongo kwa muongo.

Hata asilimia zina mtego wake. Katika Chhattisgarh sehemu ya Waadivasi ilishuka kutoka asilimia 31.8 mwaka 2001 hadi 30.6 mwaka 2011, ingawa wenyewe waliongezeka kwa zaidi ya milioni moja. Wakazi wengine waliongezeka haraka zaidi. Nitarudi kwenye asilimia hizi mbele, maana ndizo zinazogeuzwa kuwa viti vya bunge.

Sasa tuingie ndani ya orodha yenyewe, mahali ambapo uzoefu wangu unaniambia waandishi wengi hawajawahi kutazama. Chukua orodha ya Chhattisgarh uende kwenye mstari wa Wagondi. Hukuti jina moja. Unakuta mlolongo wa majina zaidi ya 50 yaliyofungwa katika namba moja: Gond, Arakh, Agaria, Asur, Badi Maria, Bisonhorn Maria, Dandami Maria, Dhurwa, Dorla, Gaita, Gond Gowari, Hill Maria, Koitar, Koya, Madia, Mana, Mannewar, Muria, Nagarchi, Nagwanshi, Ojha, Raj, na mengine mengi. Ndani ya mstari huo mmoja wamo Waagaria, ambao kazi yao ya jadi ni kuyeyusha chuma, na Wadhurwa, ambao lugha yao ni Kiparji na si Kigondi. Wamo Waraj Gond, watu wa ukoo wa wafalme wa zamani, na wamo wakusanyaji wa mazao ya msitu wa milima ya Abujhmad. Gazeti likiandika kwamba Wagondi wa Chhattisgarh walikuwa milioni 4.3 mwaka 2011, limeandika jumla ya mstari huo wote. Kwa upande wa Madhya Pradesh, mstari wa Wabhili wenye watu karibu milioni 6 unawabeba pia Wabhilala, Wabarela na Wapatelia, ambao hawajichanganyi ovyo katika ndoa.

Madhara yake yanaonekana kwa makundi madogo. Serikali ya India inayatambua makundi 75 kuwa ndiyo yaliyo katika hali ngumu kuliko makabila mengine. Madhya Pradesh inayo matatu: Wabaiga, Wasahariya na Wabharia wa bonde la Patalkot wilayani Chhindwara. Chhattisgarh inao Waabujhmaria, Wabaiga, Wabirhor, Wakorwa wa milimani na Wakamar. Wabaiga wana mstari wao, ndiyo maana tunajua walikuwa kama 415,000 katika Madhya Pradesh mwaka 2011. Waabujhmaria hawana. Wamo ndani ya mstari wa Wagondi, na jedwali la sensa halikupi idadi yao hata ulipekue usiku kucha. Wapando nao wamefichwa ndani ya mstari wa Wabharia. Tarehe 15 Novemba 2023 ulipozinduliwa mpango wa kitaifa wa kuyajengea makundi haya 75 nyumba, barabara na maji, wenye bajeti ya rupia crore 24,104, ilibidi maofisa wapite vijijini kukusanya idadi upya, kwa kuwa sensa haikuwa nayo. Ukikuta gazetini idadi kamili ya Waabujhmaria imeandikwa kuwa ni ya sensa, iulize imetoka wapi.

Orodha pia hubadilika, na inapobadilika idadi huruka. Hadi 1976 majina mengi yalikuwa yamefungwa kwenye wilaya au tarafa fulani. Mgondi wa wilaya hii alihesabiwa, wa wilaya ya pili hakuhesabiwa. Sheria ya mwaka huo ilifuta sehemu kubwa ya mipaka hiyo ya ndani ya majimbo. Maharashtra ilikuwa na Waadivasi milioni 2.95 mwaka 1971, na mwaka 1981 ikawa nao milioni 5.77. Hakuna kabila duniani linalozaana kwa kasi hiyo. Sehemu kubwa ya ongezeko ni watu waliokuwapo siku zote ambao sheria ilikuwa haiwaoni. Lakini kulikuwa pia na waliojiingiza. Katika Nagpur na miji jirani Wakoshti, ambao ni wafumaji wa nguo, walianza kujiandikisha kuwa Wahalba, kabila lililoorodheshwa. Kesi yao ilifika Mahakama ya Juu ya India, na mwaka 2000 mahakama ikaamua kwamba orodha husomwa kama ilivyoandikwa na kwamba Wakoshti hawamo. Kwa hiyo mtu anayepima ukuaji wa Waadivasi wa Maharashtra kati ya 1971 na 1991 kwa kutoa nambari moja kutoka kwa nyingine anapima sheria na udanganyifu pamoja na uzazi, vyote katika nambari moja.

Mfano wa karibuni zaidi ni Uttar Pradesh. Sensa ya 2001 ilikuta huko Waadivasi 107,963 tu. Ya 2011 ikakuta 1,134,273, zaidi ya mara 10. Katikati hapo Bunge lilikuwa limewaingiza Wagondi wa wilaya kadhaa za mashariki na wenzao wengine katika orodha ya makabila. Mgondi wa wilaya ya Sonbhadra sasa ni wa makabila. Mgondi wa wilaya ambayo haikutajwa amebaki katika orodha nyingine kabisa, ile ya matabaka yaliyokuwa yakiitwa ya watu wasioguswa. Wakol wanaishi pande zote mbili za mpaka wa majimbo haya. Upande wa Rewa, Madhya Pradesh, ni wa makabila, nao walifika milioni 1.17 katika jimbo hilo mwaka 2011. Upande wa Mirzapur, Uttar Pradesh, Wakol haohao huhesabiwa katika matabaka. Binti akiolewa kutoka Rewa kwenda Mirzapur, watoto wake watahesabiwa kwa orodha ya huko.

Kuna jambo linalonisikitisha kuliko yote niliyotaja. Watu wamekosa haki kwa sababu ya herufi. Orodha zilitungwa kwa Kiingereza, kisha zikatafsiriwa kwa Kihindi, na majina ya makabila hayakutulia katika maandishi ya aina yoyote. Katika Chhattisgarh kabila la Dhanwar lilikuwemo kwenye orodha, lakini familia ambazo hati zao za ardhi ziliandikwa Dhanuhar au Dhanuwar zilikataliwa hati ya kabila. Vivyo hivyo kwa Bhuinya, Bhuiyan na Bhuyan, ambao ni majina ya watu wa mstari wa Bharia Bhumia. Bila hati hiyo kijana hapati nafasi iliyotengwa chuoni wala kazi ya serikali. Ilichukua miaka mingi ya malalamiko hadi Bunge la India lilipopitisha marekebisho mwaka 2023 kuingiza tahajia hizo. Pale Maharashtra jina la Gond Gowari lilizaa msiba. Wagowari, wafugaji na wachungaji wa ng'ombe, walidai kwamba jina hilo ni lao. Tarehe 23 Novemba 1994 maandamano yao mbele ya bunge la jimbo huko Nagpur yaligeuka mkanyagano, wakafa watu 114, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Gowari na Gond Gowari ni jamii mbili tofauti. Watu 114 walikufa wakidai mstari katika orodha, na bado kuna wanaoandika kana kwamba takwimu hizi ni jambo la makarani tu.

Niseme kidogo jinsi hati hiyo inavyopatikana, kwa kuwa hapa ndipo masikini wanapokwamia. Mwombaji hupeleka maombi katika ofisi ya tarafa. Hutakiwa kuonyesha kwamba baba au babu yake aliishi katika jimbo hilo mwaka 1950 amri ilipotoka, na ushahidi unaokubalika kwa urahisi ni kumbukumbu ya zamani ya ardhi au daftari la shule lenye jina la kabila. Aliyekuwa na shamba lililopimwa anayo karatasi. Aliyelima kwa kuhamahama msituni hana, na hao ndio Wabaiga na Waabujhmaria, ambao Abujhmad yao, eneo la kama kilomita za mraba 4,000, haijapimwa ardhi yake kikamilifu tangu enzi za Waingereza. Maharashtra ina kamati za kuhakiki ambazo pia humhoji mwombaji kuhusu miungu ya ukoo, desturi za ndoa na mazishi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilikumbusha kwamba maswali hayo hayawezi kuwa kipimo cha mwisho, maana kijana aliyekulia mjini anaweza asiyajue na bado akawa mwana wa kabila.

Sasa fikiria waliohama. Sensa ya 2011 ilifanyika tarehe 9 hadi 28 Februari, saa ya kumbukumbu ikiwa usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi. Wakati huo wa mwaka Wabhili wengi wa Jhabua na Alirajpur hawako kwao. Mavuno ya mvua yamekwisha, wamekwenda Gujarat kwenye ujenzi wa majengo, na hurudi karibu na sikukuu ya Holi kwa magulio ya Bhagoria. Kanuni ya sensa ni kwamba asiyekuwapo kwa kipindi chote huhesabiwa alikokutwa. Mbhili bado ana nafuu, kwa kuwa Gujarat nayo imewaorodhesha Wabhili. Mgondi au Muoraon aliyekwenda kufanya kazi za ndani Delhi hana nafuu hiyo. Delhi haina hata kabila moja katika orodha, wala Punjab, wala Haryana. Idadi ya Waadivasi wa Delhi katika sensa ya 2011 ni sifuri, na sifuri hiyo ni ya kisheria. Walioko huko kwa maelfu wameingizwa katika safu ya watu wa kawaida.

Assam ni vivyo hivyo, ila kwa kina cha vizazi. Katika karne ya 19 wakoloni waliwapeleka Wasantal, Wamunda, Waoraon na Wagondi kuchuma chai huko. Wajukuu wao wangali katika mashamba hayo, wanadai kutambuliwa, na orodha ya Assam haiwataji. Telangana nayo imewapokea Wamuria waliokimbia wilaya za Dantewada na Bijapur za Chhattisgarh baada ya 2005, wakati wa vita kati ya waasi Wamao na kundi la wanamgambo la Salwa Judum, ambalo Mahakama ya Juu ililipiga marufuku mwaka 2011. Telangana huwaita Gutti Koya, haiwatambui kuwa kabila la huko, na ukataji wao wa msitu kwa ajili ya mashamba umewaletea migogoro na maofisa wa misitu. Ndugu zao waliobaki Chhattisgarh wana haki zote za orodha.

Na kwa kuwa barua hii inasomwa pwani, nitaje pia Wasidi, watu wenye asili ya Afrika wanaoishi magharibi mwa India. Gujarat imewaorodhesha kuwa kabila, lakini katika wilaya za rasi ya Saurashtra pekee. Mipaka ya ndani iliyofutwa kwa wengi mwaka 1976 ingali hai kwao.

Kuhusu lugha nitasema machache. Wasemaji wa Kigondi waliohesabiwa mwaka 2011 walikuwa 2,984,453, chini ya robo ya Wagondi wote. Waliobaki husema Kihindi, Kichhattisgarhi, Kimarathi au Kitelugu nyumbani. Kwa hiyo ni kosa kutumia idadi ya wasemaji kukisia idadi ya kabila, na kinyume chake. Wakorku ni tofauti: lugha yao, iliyo mbali zaidi magharibi kati ya jamaa za Kimunda, ilikuwa na wasemaji kama 727,000, na wao wenyewe katika Madhya Pradesh walikuwa 731,000 hivi, mbali na walioko Maharashtra. Hapo lugha imeshikilia. Jambo la kukumbuka ni kwamba karani huandika jina la lugha kama alivyotajiwa, kisha ofisi kuu hupanga. Mwaka 2011 majina 19,569 yaliyotajwa yalipangwa yakawa lugha-mama 1,369, na mwishowe yakachapishwa makundi 121 ya lugha zenye wasemaji 10,000 au zaidi. Kichhattisgarhi na Kisadri vimewekwa chini ya Kihindi. Kinihali, lugha isiyo na jamaa inayosemwa karibu na Wakorku, haionekani katika jedwali. Santali iliingizwa katika orodha ya lugha za Katiba mwaka 2003, Kigondi bado.

Dini vilevile. Dodoso lina namba sita: Uhindu, Uislamu, Ukristo, Usikh, Ubudha na Ujaini. Mwadivasi anayefuata dini ya mababu lazima asisitize karani aandike jina la dini yake kwa maneno chini ya "nyingine". Asiposisitiza, karani huandika namba ya Uhindu na kusonga mbele, maana nyumba zinamsubiri. Pamoja na hayo mwaka 2011 watu karibu milioni 5 waliandikisha Sarna, mojawapo ya dini hizo za mababu, na zaidi ya milioni moja wakaandikisha dini ya Kigondi. Tarehe 11 Novemba 2020 bunge la Jharkhand lilipitisha azimio la kutaka Sarna ipewe namba yake. Ninawaunga mkono bila kusita. Waingereza, pamoja na maovu yao yote, walikuwa na safu ya dini za kikabila, na safu hiyo ilifutwa baada ya uhuru.

Nilisema nitarudi kwenye asilimia. Viti vya makabila katika mabunge hugawiwa kwa uwiano wa idadi: 47 kati ya 543 katika Bunge la taifa, 47 kati ya 230 katika bunge la Madhya Pradesh, 29 kati ya 90 Chhattisgarh. Kabla ya mgawanyo wa majimbo ya uchaguzi wa 2008 Chhattisgarh ilikuwa na viti 34 vya makabila. Vilishuka hadi 29 kwa sababu sensa ya 2001 ilitoa asilimia 31.8, na 31.8 ya 90 ni 28.6. Kwa asilimia 30.6 ya mwaka 2011, hesabu ileile inatoa 27 au 28. Jharkhand ilipoona viti vyake vya makabila vitapungua, mgawanyo huo ulisimamishwa. Waadivasi 300,000 wanaohesabiwa Delhi au Surat badala ya kwao si kasoro ya jedwali, ni kiti.

Sensa ya 2021 haikufanyika kwa sababu ya uviko. Inayofuata imepangwa kuwa na saa ya kumbukumbu ya tarehe 1 Machi 2027, kwa simu na vishikwambi, na wananchi wataweza kujiandikisha wenyewe mtandaoni. Kwa mara ya kwanza tangu 1931 tabaka la kila mtu litaulizwa. Kujiandikisha mtandaoni kutawafaa wa mjini. Kule Orchha, katika Abujhmad, karani atatembea, na bado atafika Februari, msimu uleule wa watu kuwa safarini. Takwimu mpya zitakapotoka zitatofautiana na za 2011 kwa sababu nyingi: miaka 16 badala ya 10, tahajia zilizoongezwa 2023, Telangana iliyotengwa na Andhra Pradesh mwaka 2014, wilaya zilizogawanywa upya mara kadhaa. Ninajua kwamba siku hiyo mashirika ya habari yatatuma sentensi moja yenye nambari mbili na neno "wameongezeka" au "wamepungua".

Kwa hiyo, mhariri, ombi langu kwa dawati la habari za kimataifa ni hili. Kila nambari ya Waadivasi itakayochapishwa iambatane na mwaka wa sensa na jimbo. Ikiwa inalinganisha miaka miwili, dawati lihakikishe mipaka ya jimbo ni ileile, au lijumlishe majimbo yaliyotokana na lile la zamani. Jina la kabila likitajwa, itajwe kama ni mstari mzima wa orodha au kundi moja ndani yake. Pale idadi inaporuka zaidi ya asilimia 30 katika muongo mmoja, kwanza itafutwe sheria iliyobadilisha orodha kabla ya kuandika habari za uzazi. Na pale ambapo jimbo linaonyesha sifuri, iandikwe kwamba jimbo hilo halina orodha.

Wako,
Msomaji wa Dar es Salaam